Si kila damu ya mkojo ni kichocho: Mshipa wa figo unapobanwa

MKAZI wa Mtwapa aonapo mkojo wake umegeuka mwekundu, jina la kwanza linalomjia ni kichocho. Ana sababu ya kufikiri hivyo. Ugonjwa huo umeishi Pwani ya Kenya kwa vizazi vingi, hasa katika vijiji vya bara ya Kilifi, Kwale na Tana River, ambako watoto huoga na kina mama hufua katika vidimbwi, mabwawa na vijito.

Hata hivyo, wako wagonjwa wanaomeza dawa ya kichocho mara ya kwanza, ya pili hata ya tatu, na damu ikarudi. Mkojo wao hupimwa na mayai ya minyoo yasionekane. Hupewa dawa za kuua bakteria, nazo zisifue dafu. Baadhi yao huishi na maumivu ya ubavu wa kushoto kwa miaka bila ya kuambiwa yanatoka wapi.

Miongoni mwa sababu zinazoweza kujificha nyuma ya hali hiyo ni moja isiyotajwa sana: vena inayotoa damu katika figo ya kushoto hubanwa kati ya mishipa miwili mikubwa ya tumbo. Ugonjwa huu hauambukizwi. Hautokani na mwenendo wa mtu, wala si ugonjwa wa zinaa kama wanavyohofia vijana wengi wanaoona damu chooni wakanyamaza. Ni suala la umbile la mwili, na linatibika.

Kwa muda mrefu, tiba ya wale waliozidiwa ilikuwa kupasuliwa tumbo. Katika miongo mitatu iliyopita zimeongezeka njia ambazo hazihitaji jeraha kubwa: kuingiza kifaa kupitia mshipa wa paja, au kufanya upasuaji kupitia matundu madogo. Njia hizo zina manufaa yake na hatari zake, na si kila mgonjwa anazihitaji.

Jinsi mshipa unavyobanwa

Figo mbili za binadamu hupokea takriban sehemu moja kwa tano ya damu yote inayosukumwa na moyo. Damu hiyo huingia kupitia ateri, huchujwa, kisha hutoka kupitia vena na kurudi moyoni kwa njia ya vena kuu ya tumbo.

Vena kuu hiyo iko upande wa kulia wa uti wa mgongo. Kwa hivyo vena ya figo ya kulia ina safari fupi, ya sentimita chache tu. Ya kushoto haina budi kuvuka mwili ili kufika huko, nayo ni ndefu zaidi ya mwenzake mara mbili au zaidi.

Katika safari hiyo, vena ya kushoto hupita mbele ya aota, yaani ateri kuu inayoshuka kutoka moyoni. Juu yake kuna ateri nyingine, inayochipuka kutoka aota na kuteremka kwenda kulisha utumbo. Ateri hizo mbili hufanya umbo la pembe, mithili ya tawi na shina, na vena ya figo hupenya katikati ya pembe hiyo.

Kwa watu wengi kuna nafasi ya kutosha, kwani mafuta ya tumbo huzitenga ateri hizo. Pembe ikiwa nyembamba mno, vena hubanwa. Kuna pia watu wachache ambao vena yao hupita nyuma ya aota, nayo ikabanwa dhidi ya uti wa mgongo.

Ateri zina kuta nene na shinikizo kubwa la damu. Vena ina kuta nyembamba na shinikizo dogo, hivyo ndiyo inayosalimu amri. Damu hujaa upande wa figo, shinikizo hupanda, na vimishipa vidogo vilivyo karibu na njia za mkojo hupasuka na kuvuja.

Yeyote aliyekwama kwenye msongamano wa magari mjini Mtwapa anaweza kuelewa kinachofuata. Barabara kuu ya Mombasa kuelekea Malindi inapobanwa, madereva hukata kona na kutafuta njia za panya. Damu nayo hufanya vivyo hivyo. Hurudi nyuma na kupitia vena ndogo zinazoungana na ile ya figo, hasa ile inayotoka kwenye korodani ya kushoto kwa wanaume au kwenye ovari ya kushoto kwa wanawake. Vena hizo hazikuumbwa kubeba mzigo huo, hivyo huvimba na kujipinda.

Jina lilikotoka

Mwaka 1937, mtaalamu wa anatomia J.C.B. Grant aliifananisha vena hiyo na kokwa iliyo kati ya meno ya kibano cha kuvunjia kokwa. Mwaka 1950, madaktari El-Sadr na Mina walieleza hali hiyo kwa wagonjwa. Aliyeipa jina lililoenea ni De Schepper, mwaka 1972, akilitumia jina la kibano hicho. Ndiyo maana mgonjwa huenda akaona neno 'nutcracker' kwenye ripoti ya skani yake.

Wakazi wa Kilifi, kaunti inayojulikana kwa mikorosho yake, hawahitaji maelezo marefu. Anayebangua korosho anajua kwamba kokwa ikishikwa pande mbili na kukazwa haina pa kukimbilia. Katika makala haya, hali hiyo itaitwa ugonjwa wa kibano.

Madaktari hutofautisha mambo mawili. La kwanza ni kubanwa kwa vena kunakoonekana kwenye picha ilhali mtu haumwi chochote. La pili ni ugonjwa wenyewe, ambapo kubanwa huko kumeleta dalili. Tofauti hii ni muhimu mno, kwa sababu wapo watu wengi wazima ambao picha zao huonyesha vena iliyobanwa kiasi, na hawahitaji tiba yoyote.

Dalili zake

Dalili inayojulikana zaidi ni damu kwenye mkojo. Wakati mwingine huonekana kwa macho, mkojo ukawa wa waridi, mwekundu au wa rangi ya chai ya rangi. Wakati mwingine hugunduliwa na hadubini tu. Damu huweza kuongezeka baada ya kukimbia, kucheza mpira au kazi nzito.

Dalili ya pili ni maumivu ya ubavu wa kushoto au ya tumbo upande huo, ambayo baadhi ya wagonjwa husema huzidi wanapokaa au kusimama muda mrefu.

Ya tatu ni protini kwenye mkojo, hasa kwa vijana. Huwa na tabia ya pekee: mkojo wa kwanza wa alfajiri, baada ya kulala usiku kucha, hauna protini; ule wa mchana, baada ya kutwa ya kusimama, unayo.

Kwa wanaume, vena za mfuko wa korodani upande wa kushoto huweza kuvimba, zikaleta uzito na maumivu, na wakati mwingine kuathiri uzazi. Kwa wanawake, vena za nyonga zikijaa damu huleta maumivu ya chini ya tumbo yasiyokwisha, maumivu wakati wa tendo la ndoa au baada yake, hedhi yenye uchungu mwingi, na vena zilizotuna mapajani au sehemu za siri. Ujauzito unaweza kuzidisha dalili hizi.

Hapa ndipo wanawake wengi huumia kimya kimya. Maumivu ya nyonga huambiwa ni ya kawaida ya mwanamke, au huhusishwa na jini, husuda na mikosi. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Ugonjwa huu hauui kwa kawaida, lakini humnyima mtu kazi, masomo na raha ya nyumba yake.

Wanaoupata mara nyingi ni vijana na watu wa makamo, hasa wembamba. Kijana anayerefuka kwa kasi bila ya kunenepa, au mtu aliyepungua uzani ghafla, hupoteza mafuta yanayotenga ateri zile mbili. Hata hivyo, si wembamba wote huupata, na mtu mnene si kwamba amesalimika.

Kichocho kwanza

Ugonjwa wa kibano ni nadra, na daktari wa Pwani anayeanza kwa kufikiria kichocho hakosei. Minyoo inayosababisha kichocho cha mkojo huenezwa na konokono wa maji yasiyo ya chumvi. Anayeogelea baharini au kwenye maji ya chumvi ya mkono wa bahari wa Mtwapa haupati humo. Lakini Mtwapa ni mji wa watu waliotoka kwingi, na aliyeoga kidimbwini utotoni kule bara anaweza kuja nao mjini.

Kuna tofauti zinazosaidia. Katika kichocho, damu mara nyingi huonekana mwishoni mwa haja ndogo, kwani kidonda kiko kwenye kibofu, na huweza kuandamana na uchungu wakati wa kukojoa. Katika ugonjwa wa kibano, damu hutoka juu, figoni, hivyo huwa imechanganyika na mkojo wote tangu mwanzo hadi mwisho, na mara nyingi bila ya mwasho.

Anayetaka kupimwa kichocho sawasawa anafaa kutoa mkojo kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, kwani huo ndio wakati mayai hutoka kwa wingi. Mkojo wa alfajiri unaweza kutoa jibu la uongo. Mayai yakipatikana, dawa ya prazikwanteli hutolewa kwa kipimo cha uzani wa mgonjwa, ambacho kwa kawaida ni miligramu 40 kwa kila kilo.

Kuna jambo jingine linalohusu Kilifi moja kwa moja. Zaidi ya mtu mmoja kati ya kumi katika kaunti hiyo amerithi jeni moja ya selimundu. Jeni hiyo humkinga mtoto na malaria kali, jambo ambalo limechunguzwa kwa miaka mingi na watafiti wa kituo cha KEMRI mjini Kilifi, kilichoanzishwa mwaka 1989. Wenye jeni moja huishi bila ya kuugua selimundu, lakini baadhi yao hutokwa na damu kwenye mkojo.

La kustaajabisha ni kwamba, katika takriban visa vinne kati ya vitano, damu hiyo hutoka figo ya kushoto. Maelezo yanayotolewa ni yale yale ya urefu wa vena na shinikizo lililo ndani yake. Kwa hivyo mgonjwa wa Pwani mwenye damu ya ubavu wa kushoto anapaswa kupimwa selimundu kabla ya kuambiwa ana ugonjwa wa kibano pekee.

Sababu nyingine ni vijiwe vya figo, maambukizi ya njia ya mkojo, kifua kikuu cha figo, magonjwa ya vichujio vya figo, na saratani ya figo au kibofu. Mtu aliyepita umri wa miaka 40, hasa mvutaji sigara, akiona damu kwenye mkojo hata mara moja, asingoje irudi. Saratani hutafutwa kwanza, mengine baadaye.

Vipimo vinavyothibitisha

Hakuna kipimo kimoja kinachotosha. Daktari huanza na mkojo na damu, kisha ultrasaundi ya kawaida ya figo na kibofu, ambayo hupatikana katika hospitali nyingi za kaunti na vituo vya kibinafsi.

Hatua inayofuata ni ultrasaundi ya Doppler, inayopima kasi ya damu. Damu inayopenya mahali palipobanwa hukimbia, kama maji ya mpira wa bustani ulioshikwa kwa vidole. Kasi mahali hapo ikizidi ile ya karibu na figo kwa zaidi ya mara tano hivi, shaka huongezeka. Kipimo hiki hakina mnururisho wala hakihitaji sindano, lakini chahitaji mkono wenye uzoefu.

Skani ya CT au ya MRI huonyesha pembe ya ateri na upana wa vena. Kwa watu wengi pembe hiyo huwa kati ya nyuzi 38 na 65. Kwa wagonjwa huwa ndogo zaidi, mara nyingi chini ya nyuzi 35, na vena huonekana imechongoka kama mdomo wa ndege mahali inapobanwa.

Kipimo cha mwisho, ambacho hufanywa pale matibabu makubwa yanapofikiriwa, ni kuingiza katheta nyembamba hadi ndani ya vena na kupima shinikizo pande zote mbili za mbano. Kwa kawaida tofauti huwa kati ya sifuri na milimita moja ya zebaki. Ikifika tatu au zaidi, ushahidi huwa na nguvu.

Kamera ndogo inaweza pia kuingizwa kwenye kibofu wakati damu inatoka. Damu ikionekana inateremka kutoka mrija wa kushoto pekee, daktari hujua aelekeze macho wapi.

Kusubiri nako ni tiba

Mgonjwa aliyehangaika kwa miaka akishapata jina la ugonjwa wake, hutamani kufanyiwa jambo siku hiyo hiyo. Lakini haraka haraka haina baraka. Kwa watoto na vijana walio chini ya umri wa miaka 18, ushauri unaokubalika ni kuwafuatilia kwa angalau miaka miwili kabla ya kufikiria kisu, isipokuwa hali ikiwa mbaya.

Sababu ni kwamba mwili wao ungali unakua. Uzani unapoongezeka, mafuta hujaa kati ya ateri, na vena mbadala hukomaa. Takriban robo tatu ya vijana wenye damu kwenye mkojo hupona hivyo, bila ya upasuaji.

Kwa mtu mzima mwembamba pia, hatua ya kwanza ni kuongeza uzani kwa chakula bora na kufuatiliwa kwa miezi kadhaa. Kwa vijana wenye protini nyingi kwenye mkojo, madaktari wakati mwingine hutumia dawa za kundi linaloteremsha shinikizo ndani ya vichujio vya figo.

Jambo la kuepukwa ni kujitibu. Vidonge vya maumivu vinavyouzwa kiholela madukani, kama vile diklofenaki na ibuprofeni, vikitumika kwa muda mrefu huweza kuidhuru figo ambayo tayari inataabika. Na muarubaini, pamoja na sifa zake zote Pwani, hauwezi kupanua pembe ya ateri mbili.

Matibabu makubwa hufikiriwa pale damu inapotoka kwa wingi hadi kuleta upungufu wa damu, maumivu yanapomzuia mtu kufanya kazi, figo inapoanza kudhoofika, au miezi ya kusubiri inapopita bila ya nafuu.

Stenti kupitia mshipa wa paja

Mwaka 1996, Neste na wenzake waliripoti kumtibu mgonjwa wa aina hii kwa kumwekea stenti, yaani kijineli cha nyavu za chuma kinachotanuka na kuushikilia mshipa usifungike. Tangu hapo njia hiyo imetumika katika nchi nyingi.

Mgonjwa hulazwa kwenye meza yenye mashine ya eksirei, akatiwa ganzi kwenye kinena. Daktari hutoboa vena ya paja kwa sindano, akapitisha waya na katheta hadi kwenye vena kuu ya tumbo, kisha akageuka kuingia vena ya figo ya kushoto. Dawa ya rangi huonyesha mahali palipobanwa. Stenti yenye kipenyo cha milimita 12 hadi 16 hivi huachiliwa hapo, ikajitanua.

Tumbo halipasuliwi, jeraha ni la tundu la sindano, na mgonjwa hurudi nyumbani baada ya siku chache. Matokeo yaliyochapishwa yanatia moyo. Kati ya wagonjwa 61 waliotibiwa hivyo nchini China na kufuatiliwa kwa miaka, ripoti ya mwaka 2011 ilisema 59 walipata nafuu.

Lakini njia hiyo ina hatari inayopasa kutajwa bila kumung'unya maneno. Vena si bomba lisilosogea: hupanuka na kusinyaa mtu anapopumua, na ateri iliyo kando yake hudunda usiku na mchana. Stenti iliyokuwa ndogo mno kwa vena inaweza kuchopoka na kusafiri na damu. Njia inayoelekea ni moja, nayo ni ya moyoni.

Ripoti nyingine kutoka China, ya mwaka 2016, iliwafuatilia wagonjwa 75 na kukuta stenti zilikuwa zimehama kwa watano. Stenti iliyofika moyoni huweza kuhitaji upasuaji mkubwa kuliko ule ambao mgonjwa alitaka kuuepuka. Isitoshe, damu inaweza kuganda ndani ya stenti, au nyavu zenyewe zikachakaa kwa kudundwa na ateri.

Ndiyo maana mgonjwa hupewa dawa za kuzuia damu kuganda kwa miezi kadhaa, na huonywa asifanye kazi za sulubu katika kipindi cha kwanza, wakati ukuta wa mshipa ungali unaifunika stenti. Ndiyo maana pia wataalamu wengi husita kuiweka kwa kijana wa miaka 18 atakayeishi nayo miaka 60 mingine. Stenti nyingi zinazotumika zilibuniwa kwa ajili ya mishipa mingine, si huu.

Matundu madogo badala ya jeraha refu

Njia ya pili ni ya kuuvika mshipa kutoka nje. Daktari hutoboa matundu machache tumboni, akaingiza kamera na vyombo vyembamba, akaitenga vena ya figo na kuizungushia mrija mgumu wa sintetiki. Mrija huo hubeba uzito wa ateri, nayo vena ikapita ndani yake bila ya kubanwa.

Faida yake ni kwamba hakuna kitu cha kigeni kinachogusana na damu, hivyo hofu ya stenti kwenda moyoni haipo. Katika miaka ya 2010, madaktari nchini China walianza kutengeneza mirija ya aina hiyo kwa mashine za kuchapa vitu vyenye umbo kamili, wakifuata vipimo vya skani ya kila mgonjwa. Hatari zilizopo ni mrija kuteleza, kuusugua mshipa, au damu kuganda kwenye vena.

Njia ya tatu ni kuihamisha vena yenyewe. Hukatwa mahali inapoungana na vena kuu, ikashonwa tena sentimita chache chini, mahali ambapo pembe ya ateri ni pana. Stewart na Reiman waliripoti upasuaji huo mwaka 1982, na hadi leo ndio unaohesabiwa na wengi kuwa kipimo ambacho njia nyingine hulinganishwa nacho. Kwa kawaida hufanywa kwa kupasua tumbo, ingawa vituo vichache duniani huufanya kwa matundu madogo au kwa msaada wa roboti.

Kwa wachache ambao hayo hayakuwafaa, figo huweza kuhamishwa hadi kwenye nyonga, kama ifanywavyo figo ya kupandikizwa. Kuondoa figo kabisa ni hatua ya mwisho isiyopendekezwa kwa figo inayofanya kazi.

Kuna tahadhari moja kwa wanaume na wanawake wenye vena zilizovimba. Kuziba vena ya korodani au ya ovari huondoa uvimbe na maumivu ya chini, lakini vena hiyo huenda ndiyo njia ya panya inayoiokoa figo. Ikizibwa bila ya kutazama kwanza hali ya vena ya figo, shinikizo figoni linaweza kupanda. Mwanamume mwembamba anayeambiwa afanyiwe upasuaji wa uvimbe wa korodani ya kushoto, na ambaye pia ana damu kwenye mkojo, ana haki ya kuuliza swali hilo.

Mgonjwa wa Mtwapa aanzie wapi

Safari huanza katika zahanati au kituo cha afya kilicho karibu, kwa kupimwa mkojo na kuondoa shaka ya kichocho na maambukizi. Kutoka hapo mgonjwa anaweza kuelekezwa katika Hospitali ya Kaunti ya Kilifi, au kuvuka hadi Mombasa, mwendo wa takriban kilomita 16, kwenye Hospitali Kuu ya Mafunzo na Rufaa ya Pwani, ambayo wenyeji wengi bado huiita Makadara.

Daktari wa kumwona ni yule wa njia ya mkojo au wa figo. Matibabu ya stenti na ya kuhamisha vena huhitaji wataalamu wa mishipa ya damu na mashine ambazo nchini ziko katika hospitali kubwa chache, hasa Nairobi. Baadhi ya familia huchagua kwenda India, kama ilivyo desturi kwa magonjwa mengine makubwa.

Gharama ni jambo la kulipanga mapema. Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, ilichukua nafasi ya NHIF kuanzia Oktoba 1, 2024. Mgonjwa ahakikishe amesajiliwa na michango yake imelipwa, kisha aulize hospitali impe kwa maandishi makadirio ya gharama na sehemu itakayolipwa na SHA. Ni vyema kufanya hivyo kabla ya kuitisha harambee, si baada yake. Familia iliyouza shamba kwa ajili ya stenti ambayo haikuwa ya lazima hairudishiwi shamba hilo.

Kabla ya kukubali upasuaji wowote, yafaa mgonjwa amuulize daktari maswali haya. Je, sababu nyingine zote za damu zimeondolewa, ikiwemo selimundu? Je, shinikizo ndani ya vena limepimwa, au uamuzi umetokana na picha pekee? Je, kuna madhara gani nikisubiri mwaka mmoja huku nikiongeza uzani? Je, umewahi kutibu wagonjwa wangapi wa hali hii, na waliendeleaje? Stenti ikihama, nani ataitoa, na wapi? Daktari mwema hachukizwi na maswali hayo.

Zipo pia dalili zisizoruhusu kusubiri hata siku moja: mkojo kukatika kwa sababu ya mabonge ya damu, homa kali pamoja na maumivu ya ubavu, kizunguzungu na weupe wa macho unaoashiria damu kupungua, au mwili kukonda bila ya sababu. Mwenye hizo aende hospitalini usiku huo huo.

Kwa wengine wote, la msingi ni kutoridhika na jibu moja lililorudiwa bila ya kupimwa. Dawa ya kichocho ni nzuri kwa mwenye kichocho. Aliyeimeza mara mbili na bado anaona damu arudi na karatasi zake zote za vipimo, akaombe afanyiwe ultrasaundi ya Doppler ya vena ya figo ya kushoto.